"Wotaprufu" ni sentensi isiyokwisha

Masika ya pili tangu tuhamie, saa nane usiku, mke wangu aliniamsha akaniambia dari ya sebuleni inadondosha maji. Nilipowasha taa nikaona doa la kahawia limetambaa kutoka pembeni mwa ukuta hadi karibu na taa, na jipsamu imeanza kuvimba kama tumbo. Nyumba yetu ni zile za kuficha paa: ukuta unapanda kulipita bati, nyuma yake kuna mfereji wa zege, na aliyesimama barabarani haoni bati hata kidogo. Asubuhi nikampigia fundi. Hakubisha kwamba panavuja. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeshangaa pamoja nami: "Mzee, pale mimi niliweka wotaprufu. Pakiti nne."

Naamini aliziweka. Nilikuwepo siku ile, nilimwona akichanganya ule unga kwenye saruji. Fundi hakunidanganya, na mimi sikumsikia vibaya. Tulichokosea sote wawili ni kulichukua neno moja tukadhani limemaliza maelezo. Lilikuwa halijasema lolote kuhusu maji yaliyolala mferejini usiku kucha kwa sababu majani ya mwembe wa jirani yaliziba bomba la kushushia. Halikusema lolote kuhusu zege inayotanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku hadi ikapata ufa mwembamba kama unywele. Unga ule hupunguza vinyweleo vya plasta, na hiyo kazi inaufanya vizuri. Ufa ukishapita, unga hauna la kufanya.

Tangu hapo nimekuwa nikilisikiliza neno hili kila linapotamkwa, na Kariakoo linatamkwa kila hatua kumi. Saa wotaprufu, begi wotaprufu, koti wotaprufu, wanja wotaprufu, simu wotaprufu. Wanja unatakiwa ushinde machozi na jasho la harusi moja. Begi litoe madaftari salama kwa mwendo wa kutoka kituoni hadi nyumbani. Plasta ya msalani izuie maji miaka thelathini. Kazi hizi hazifanani hata kwa mbali, lakini zote zinauzwa kwa neno lile lile, na mnunuzi hupewa bila nyongeza yoyote.

Ukimuuliza mtafsiri, atakupa "isiyopitisha maji". Tafsiri hiyo ni ndefu, na wapo wanaoiona ni ushahidi wa upungufu wa lugha yetu. Ni kweli kwamba Kiswahili hakina kivumishi cha asili cha sifa hii kama kilivyo na -kavu, -zito au -gumu. Tunalazimika kukamata kitenzi, kukikanusha na kukifunga kwa urejeshi: koti lisilopitisha maji, viatu visivyopitisha maji, saa isiyopitisha maji. Mimi hapo naona bahati. Kivumishi hukaa juu ya kitu kama rangi. Kikishapakwa, watu huacha kuuliza. Kitenzi hakitulii namna hiyo. Ukisema kitu hakipitishi, msikilizaji mwenye akili ataanza: hakipitishi maji gani? Kutoka wapi kwenda wapi? Kwa muda gani? Sarufi yenyewe inamfungulia mlango wa kuuliza, na "wotaprufu" inaufunga.

Tena mtaani hatusemi hata "isiyopitisha". Hayo ni maneno ya kamusi na vijikaratasi vya bidhaa. Mtaani tunasema "kiatu hiki kinaingia maji", "saa yangu haiingii maji". Ukitafakari, maji ndiyo yanayoingia, kiatu hakiendi popote. Hata hivyo tunakiweka kiatu mbele ya sentensi kama mtendaji, kwa sababu tunajua nani atawajibika soksi ikilowa. Vivyo hivyo tunasema "nyumba inavuja". Hatusemi bati wala dari. Nyumba nzima inabeba lawama.

Kisha kuna hazina ya vitenzi ambavyo kila kimoja kinataja namna yake ya kushindwa. Kulowa si kuvuja. Koti laweza kulowa juu na mvaaji akabaki mkavu. Ukuta unaweza kufyonza maji kutoka ardhini kwa miaka bila kuvuja tone, ukajulikana kwa chumvi nyeupe na rangi inayobabuka. Vumbi la mvua hupenya pale ambapo mvua kubwa haiingii, kwa sababu upepo umelisukuma kutoka pembeni. Fundi anayesema "panafyonza" na fundi anayesema "panavuja" wanaelekeza matengenezo mawili tofauti kabisa, na mwenye nyumba akiwachanganya atalipa mara mbili.

Kubwa kuliko yote, tuna kiambishi ambacho ningependa kila muuzaji alale nacho. Sema "haiingii maji": hiyo ni tabia, kana kwamba ni ya kudumu. Sema "haitaingia maji": hiyo ni ahadi. Sasa sema "haijaingia maji". Kwa herufi mbili tu, -ja-, tumekiri kwamba hadi leo ni kavu na kwamba kesho ni mlango ulio wazi. Mtu hasemi "hajaoa" juu ya padri. "Haija-" hubeba ndani yake kungojea. Kwa kila kitu kilichotengenezwa na binadamu ili kizuie maji, huo ndio wakati wa kweli wa kitenzi.

Hili si pambo la lugha tu, maana watu wa vipimo walifikia mahali hapo hapo kwa njia yao. Chukua saa za mkononi. Kiwango cha kimataifa cha saa za kawaida, ISO 22810 cha mwaka 2010, kinazungumzia saa zinazohimili maji. Neno la kuzuia kabisa kimeliacha. Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuzamia mita 30. Namba hiyo inataja shinikizo la maji yaliyotulia ambalo saa ilipimwa nalo, na mkono unaopiga mbizi au kurusha maji huleta mambo mengine. Saa hiyo ni ya kunawa na kunyeshewa. Anayezama baharini ana kiwango chake, ISO 6425, kinachoanzia mita 100 na kutaka kila saa ipimwe moja moja, wakati kile cha kwanza kinaruhusu kupima sampuli tu. Wavuvi wa pweza wanaoingia majini na saa ya mita 30 mkononi wamesoma namba iliyoandikwa kwa kweli na kuelewa jambo ambalo haikulisema.

Mwaka 1927 Rolex ilitaka dunia iamini saa yake mpya ya Oyster. Mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliivaa shingoni katika maji ya baridi ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Safari hiyo hakuimaliza, lakini alikaa majini zaidi ya saa 10 na saa ikatoka inatembea. Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, lakini angalia lilivyokamilika: maji ya bahari, baridi, saa 10, shingoni mwa mtu anayeogelea. Mnunuzi alipewa sentensi nzima.

Simu ndizo zinazotuumiza zaidi sasa hivi. Kwenye maboksi ya simu za bei kubwa kuna alama IP67 au IP68, na dukani alama hiyo hutafsiriwa kwa neno moja lile lile. Alama hiyo inatoka kwenye kiwango IEC 60529, na ukiifungua ni ngazi nzuri ya kusoma. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni ya maji. Moja na mbili ni matone yanayodondoka. Tatu ni manyunyu. Nne ni maji ya kurushwa kutoka pande zote. Tano na sita ni maji ya mpira yanayopigwa kwa nguvu. Saba ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, na nane ni kuzamishwa kwa masharti makali zaidi ambayo mtengenezaji mwenyewe lazima ayataje. Kiswahili, chenye matone, manyunyu, rasharasha na mvua ya kumwagika, kingeweza kuibeba ngazi hii bila kukopa neno hata moja.

Kuna jambo moja katika ngazi hiyo ambalo wauzaji wengi niliozungumza nao hawakulijua. Hadi namba sita, ngazi inapanda: kilichofaulu tano kimefaulu na zilizo chini yake. Baada ya hapo haipandi tena. Kifaa cha namba saba kimethibitishwa kwa kuzama, lakini hiyo haithibitishi kwamba kitastahimili maji ya mpira, mpaka mtengenezaji aandike namba zote mbili. Simu iliyopona ndani ya ndoo inaweza kufa kwenye bomba la kuoshea pikipiki. Majaribio yenyewe hufanywa kwa maji safi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Maji ya bahari ya Coco Beach hayamo. Sabuni haimo. Mpira wa kuziba uliozeeka baada ya kuachwa kwenye dashibodi juani mwaka mzima haumo.

Mambo haya yamefika mahakamani. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru Samsung Australia ilipe dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo yaliyopotosha kuhusu baadhi ya simu zake za Galaxy. Matangazo yalionyesha simu zikitumika kwenye mabwawa na baharini, wakati tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu iwapo simu ingechajiwa kabla ya kukauka. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple euro milioni 10. Ilisema matangazo hayakuweka wazi kwamba uhimilivu ule ulipatikana katika mazingira ya maabara tu, huku dhamana ikikataa kugharamia uharibifu wa maji. Kwa maneno mengine, tangazo lilikuwa na kivumishi na karatasi ya dhamana ilikuwa na kitenzi.

Dereva wa bodaboda anayenibeba asubuhi anaelewa hili kuliko mimi. Zamani alikuwa anaifunga simu kwa mfuko wa rambo, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Sasa ana kipochi cha plastiki angavu, na juu yake bado anavuta kofia ya koti. Nilimwambia simu yake imeandikwa IP67. Akanijibu, akilitaja bonde la Dar es Salaam linalofurika mvua ikizidi: "Kaka, hiyo waliandika huko. Huku kuna Jangwani."

Kwenye koti nisikae sana, ila kuna swali la "kutoka wapi kwenda wapi". Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza mwaka 1823 kwa kubandika mpira katikati ya vitambaa viwili. Maji ya nje hayakuingia, na jasho la ndani halikutoka. Isitoshe, mpira ule uliganda kwenye baridi na kunata kwenye joto hadi mbinu ya kuupasha moto pamoja na salfa ilipokuja katika miaka ya 1840. Tatizo la jasho lilibaki. Koti la nailoni la elfu kumi na tano ni hivyo hivyo: ukipanda nalo pikipiki mwezi wa Aprili unafika umelowa, na mvua haina hatia. Na kila sindano iliyopita kwenye mshono imeacha tundu.

Yapo mahali ambapo upungufu wa neno hili unagusa mwili wa mtu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 2011 iliyokataza mafuta ya kukinga jua kuitwa hayaondolewi na maji au na jasho. Kinachoruhusiwa ni kusema yanahimili maji kwa dakika 40 au kwa dakika 80, na dakika hizo ziandikwe mbele ya chupa. Kwetu mafuta haya si ya starehe ya ufukweni. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, maana saratani ya ngozi inawaua wakiwa bado vijana. Mama anayempaka mwanawe asubuhi kabla ya shule, mtoto akacheza mpira akatoka jasho, anahitaji kujua apake tena saa ngapi. Akinunua dukani chupa yoyote ya kutoka nje na akaambiwa "hii wotaprufu mama", amepewa sababu ya kutopaka tena. Kwa mtoto huyo tofauti kati ya kivumishi na dakika 80 ni ngozi yake.

Linalonisikitisha ni kwamba sisi wa pwani hatukuanza na ujinga huu. Nenda Nungwi au Pangani ukae na mafundi wa vyombo. Mbao za mashua haziungani kwa kubandikwa zikawa kitu kimoja. Kila kiungo kina mwanya, na mwanya huo unakalafatiwa: pamba iliyolowa mafuta inasukumwa ndani kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, kwa mlio ambao ukishausikia mara moja huusahau. Mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya chombo hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Kazi hiyo hurudiwa. Chombo kilichokaa mchangani muda mrefu mbao zake hukauka na viungo vikaachana. Kikirudishwa majini siku za kwanza kinaingia maji, kisha mbao zinakunywa, zinavimba, zinajibana zenyewe. Ndani, kwenye ngama, yaani chini kabisa ya chombo, kuna maji kila siku. Ndiyo maana hakuna nahodha anayetweka bila upo wa kufulia maji, yaani wa kuyachota na kuyamwaga nje.

Sijawahi kusikia fundi wa Nungwi akisema mashua yake haiingii maji. Anasema imekalafatiwa vizuri, au inataka kukalafatiwa, au inafuliwa mara moja kwa siku, au inafuliwa kila saa. Msamiati mzima ni wa kazi na wa kiasi. Kwa msamiati huo watu walivuka hadi Maskati na Ghuba na kurudi.

Paa la makuti nalo. Shika kuti moja ulimwagie maji: yanapita. Lakini fundi huliinua paa liwe na mteremko mkali, hulaza kuti juu ya kuti, na tone linaloingia la kwanza linakutana na la pili linalolishusha pembeni kabla halijafika ndani. Mjengo unafanya kazi ambayo malighafi haiwezi. Paa langu la kuficha limefanya kinyume: malighafi imesifiwa kwa pakiti nne, na mteremko ukaondolewa ili nyumba ipendeze kutoka barabarani.

Kuna hata mahali ambapo kutopitisha maji ni kosa. Majumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zake zikibebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu na kuutoa. Plasta ya chokaa inauacha upumue. Watu walipoanza kuziba kuta hizo kwa saruji ili "zisipitishe maji", maji yaliyopanda kutoka ardhini au kushuka kutoka paani yalikosa pa kutokea, yakabaki ndani yakila chokaa na ncha za boriti. Mafundi wa ukarabati wanajua hili na wamelisema kwa miaka. Lakini ukisimama dukani kati ya mfuko wa chokaa na mfuko wenye neno "wotaprufu", ni upi unaoonekana wa kisasa?

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo, na kinawezekana. Watafsiri wetu waache kuandika "isiyopitisha maji" kila wanapokutana na neno lolote la kigeni la jamii hii. Kinachohimili maji kiitwe kinachohimili maji, na kila "kuhimili" kufuatiwe na kiasi chake: inahimili manyunyu, inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, maji yasiyo na chumvi, inahimili jasho kwa dakika 80. Nimeona "kingamaji" likipendekezwa. Ni zuri kusikika, na mwavuli ungelistahili, lakini lina ugonjwa ule ule wa kuziba maswali. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, wana uwezo wa kusanifu ngazi hii kwa maneno tuliyonayo, na TBS pamoja na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wana uwezo wa kuitaka iandikwe kwenye bidhaa. Mnunuzi wa Mbagala ana haki ya kupewa sentensi kamili kama alivyopewa yule wa Australia, tena bila kwenda mahakamani kwanza.

Fundi wangu alirudi. Hakuleta pakiti ya tano. Alibomoa plasta ya mfereji, akauinamisha kuelekea kwenye tundu la kushushia maji, akaweka bomba la pili juu kidogo ya la kwanza ili majani yakiziba moja maji yapate pa kukimbilia. Ufa aliufungua kwa patasi na kuuziba upya kwa kitu kinachovutika. Kisha akaziba mabomba yote mawili kwa matambara, akaujaza mfereji maji, akaniambia, "Mzee, tusiguse mpaka kesho saa hii."

Kesho yake tulipanda wote. Aliingiza kijiti, akakipima kwa futi, akashuka kuikagua dari akiwa na tochi, kila kona. Kisha akachukua penseli ya useremala na kuandika kwenye ukuta wa ndani wa mfereji, mahali ambapo atakayepanda siku nyingine ataona: tarehe, halafu "Maji sm 12, saa 24, haijavuja."